Nilishuhudia Kabla Sijaacha Gongo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wewe unayesoma peke yako mkekani, itikia, usione haya, hakuna anayekusikia ila Mungu. Mwakeye! Waha wameshaitika. Nyinyi mliohamishiwa Kigoma kwa kazi, muulizeni jirani, ni salamu tu ya asubuhi.

Mimi ni Bibi Furaha wa Ujiji, mama yake Devota. Wengi mnanijua kwa mawese yangu, mekundu, masafi, hayana maji chini. Shule niliishia darasa la tatu. Mkiona herufi zangu zimelala kama walevi, zivumilieni, aliyeziandika alikuwa mlevi mwenzao. Mchungaji aliniambia, "Bibi, wewe sema tu, katibu ataandika." Nikamwambia hapana. Safari hii naandika kwa mkono wangu, kwa sababu safari ile nyingine nilisema kwa mdomo, na mdomo wangu ulidanganya.

Ndiyo, safari ile. Najua mnaikumbuka, msijifanye mmesahau kwa heshima.

Ndugu zangu, nianze mwanzo. Mume wangu alipofariki nilibaki na pipa la kuchemshia chikichi na binti mmoja, Devota, ambaye alikuwa ameshaolewa Kasingirima. Kazi ya mawese ni moto kuanzia asubuhi. Unachemsha chikichi kwenye pipa, unatwanga, unakamua, halafu mafuta yenyewe unayarudisha motoni mara ya pili yakauke maji. Siku nzima unakula moshi. Sasa sisi akina mama wa pipa tulikuwa na dawa yetu. Tulisema gongo inaondoa moshi kifuani. Kikombe kimoja saa nne, ukikohoa unaongeza kingine. Nyuma ya kiwanja chetu palikuwa na mama anayeuza. Jina simtaji, mwenyewe anajijua. Alikuwa hatua ishirini kutoka kwenye mafiga yangu. Shetani hakuwa na haja ya kupanda hata bodaboda!

Moshi ulikwisha kifuani zamani sana, gongo ikabaki. Nikawa nakunywa kabla sijawasha moto. Nikawa nakunywa Jumapili kabla ya ibada, natafuna tangawizi, nakuja kukaa nyuma na kuimba kuliko wote. Mliokuwa mnasema, "Bibi Furaha ana upako," ule haukuwa upako.

Devota alikuwa anauza vitenge sokoni, na mwanawe Furaha, ambaye kwa jina lake mnaniita Bibi Furaha, alikuwa anamwacha kwangu. Furaha alikuwa na miaka mitatu, mtoto wa kucheka mpaka anakaa chini. Kila jioni Devota akija kumchukua alikuwa ananisogelea karibu, kama anataka kuninong'oneza. Hakuwa na la kunong'oneza. Alikuwa ananinusa. Mimi nageuza uso, najifanya naangalia moto.

Siku moja nilikuwa na sufuria ya mafuta kwenye moto wa pili. Nikaenda hatua zangu ishirini, nikarudi hatua arobaini, mnajua miguu ya mlevi inavyohesabu njia. Nikakaa, nikasinzia. Furaha alikuwa anazunguka na kijiti chake. Kilichonizindua ni mlio. Sikuwahi kusikia mtoto analia vile, na sitaki kusikia tena hapa duniani. Sufuria ilikuwa imeinama na mafuta yalikuwa mguuni pake.

Mimi nilisimama nikaanguka. Jirani yangu Bi Zuhura, muuza vitumbua, ndiye aliyeruka ukuta na ndoo ya maji, akamwagia mguu ule maji mpaka yakaisha, akambeba, akasimamisha bodaboda, akaenda hospitali na mjukuu wangu. Mimi bibi mzaa mama nilibaki chini, nimeshika majivu.

Mtoto alipona, jina la Bwana lihimidiwe! Mguu una kovu mpaka leo, linang'aa kama ngozi ya samaki. Devota hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikuja, akachukua nguo za mtoto, akasema, "Mama, Furaha hutamshika tena." Akaondoka. Nikawa nina jina la mtoto na mtoto sina.

Sasa ndipo nikaja kanisani, ndugu zangu. Nililia, mkaniombea, nikaanguka, nikainuka. Nilihisi mwili mwepesi kama unyoya. Sisemi Mungu hakuwepo, alikuwepo! Ila mimi nilikuwa na haraka. Nilitaka Devota asikie habari haraka, anirudishie mtoto haraka. Nikaomba kipaza sauti hapo hapo. "Nimefunguliwa! Gongo kwangu ni historia!" Nikaruka, kandambili moja ikampiga mzee wa kanisa. Mkapiga makofi, mkapiga vigelegele. Kwaya ikaimba kwa ajili yangu.

Nilikaa siku saba. Siku ya nane nilikunywa.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye ushuhuda wangu. Nilipokunywa siku ya nane sikuwa na pa kwenda kusema. Nani ningemwambia? Nyinyi mlinishangilia. Mkikutana nami njiani mnasema, "Mama wa ushindi!" Mtu aliyekwisha kutangazwa amefunguliwa hawezi kusema mikono inamtetemeka. Basi nikawa nakunywa kwa kujificha, na mlevi wa kujificha hunywa mara mbili, mara ya kiu na mara ya aibu. Nilikunywa kuliko kabla sijaokoka. Kosa halikuwa lenu, wala la mchungaji. Nilikuwa nimeuza mawese kabla sijakamua chikichi.

Devota alijua. Nilimfuata sokoni nikamwambia, "Mwanangu, si umesikia nilivyoshuhudia?" Akanisogelea, akavuta pumzi mara moja tu, akaendelea kukunja kitenge. "Mama," akasema, "nimesikia. Na sasa nimenusa."

Nilirudi Ujiji kwa miguu. Sikupita kwa yule mama wa gongo. Nilipita kwa Bi Zuhura. Alikuwa anaosha vyombo vyake vya vitumbua. Nikamwambia, "Bi Zuhura, mimi sijaacha. Nilidanganya kanisa zima."

Hata hakugeuka. "Unaniambia habari au unanikumbusha? Ukuta wetu si mrefu."

"Nataka kuacha."

"Wakristo nyinyi mna mambo. Mnakunywa kwenu, maungamo mnatuletea Waislamu." Kisha akaweka sufuria chini, akanitazama. "Haya, bibi wee. Kila asubuhi kabla sijauza kitumbua cha kwanza, upite hapa. Useme neno moja tu. Sikunywa, au nilikunywa. Hadithi sitaki."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipoanza kazi, na mimi nikaanza yangu. Nilikuwa nimezoea kumwachia Mungu kazi zote halafu namlaumu anachelewa. Kwanza Bi Zuhura alinipeleka hospitali, kwa sababu asubuhi ya pili bila kikombe nilitetemeka mpaka meno yakagongana na niliona panya ukutani ambao yeye hakuwaona. Tulimkuta daktari kijana, Mnyakyusa, mpole. Akaniuliza, "Shikamoo bibi. Unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Marahaba. Kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Bi Zuhura akadakia, "Mwandikie ndoo, daktari!"

Yule kijana hakucheka. Aliniambia mtu aliyezoea gongo kama mimi asiache ghafla peke yake nyumbani, mwili unaweza kumwangusha vibaya. Akanilaza, akanipa dawa, na nilipotoka akanitaka nirudi kila Alhamisi. Niliona aibu. Bibi mzima nakaa benchi moja na vijana wa bangi. Lakini nilienda kila Alhamisi, hata Alhamisi za mvua. Wengine wanasema ukienda hospitali umepungukiwa imani. Mimi nasema aliyemuumba daktari hakulala siku ile.

Halafu nilihamisha pipa. Nilimwomba Bi Zuhura kona ya uwanja wake, upande wa pili kabisa. Nilichimba shimo la moto mwenyewe, nikabeba mafiga moja moja, nikaviringisha pipa mchana kweupe watu wanaona. Akina mama wenzangu wakaniimba. "Bibi Furaha anahama nchi! Ana pasipoti?" Mmoja akaniambia, "Sasa moshi utautoa na nini kifuani?" Nikamwambia, "Nitakohoa, na nikikohoa utanisikia niko hai." Nikamwendea na yule muuzaji, nikasimama mlangoni kwake, nikamwambia, "Mama, mimi si mteja wako tena. Nikija kukulilia, nifukuze." Akanicheka, akasema, "Utarudi wewe, kikombe chako sijakiosha." Maneno yale yaliniuma, na yalinisaidia. Nina kiburi, ndugu zangu, sikatai. Kwa mara ya kwanza kiburi changu kilinifanyia kazi ya maana.

Saa kumi jioni ndiyo ilikuwa saa mbaya. Kiu ya gongo haiji kooni, inakuja mikononi. Mikono inatafuta kitu cha kushika. Nikajifunza kutengeneza sabuni ya mawese, na nikaipanga saa hiyo hiyo. Ile kostiki ya kugandishia ni kali, inachoma, haitaki mkono unaotikisika. Mwanzo niliharibu sana. Baadaye nikaona siku moja nimemimina yote na halikudondoka tone. Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Nililia machozi ya sifa!

Na kila asubuhi napita kwa Bi Zuhura. "Sikunywa." Ananijibu, "Haya, pita, wateja wanakuja." Siku nyingine, "Sikunywa." "Mbona umenuna? Ulitaka kunywa?" "Sana." "Basi leo umesema mawili, kesho useme moja tu." Miezi minne, ndugu zangu. Kanisani nilikuwa nakuja nakaa kimya. Mchungaji aliniuliza kama nina neno. Nikasema, "Sina, mchungaji. Bado nakamua."

Sasa Devota alikuwa mjamzito wa pili. Kwetu, binti akijifungua mama yake mzazi ndiye anayekwenda kumkanda maji ya moto, kumpikia uji, kumwogesha mtoto. Hiyo ni haki ya mama, haiombwi. Nilisubiri aniite. Nilifua kanga zangu mbili nzuri, nikaziweka tayari. Nilijua siku zake zimekaribia.

Asubuhi moja niko kwenye pipa, nikamwona mama mkwe wake Devota anapita njiani, ametoka Kasulu, kuku kwapani, mfuko wa unga wa ulezi kichwani. Akanisalimia vizuri, ni mama wa heshima. "Mwenzangu, tumepata mtoto wa kiume! Nimeitwa kwenda kumkanda mzazi." Nikasema hongera. Nikatabasamu mpaka akapotea kwenye kona.

Ameitwa yeye! Mtaa mzima uliona nani anapita na kuku, na nani amebaki kwenye moshi. Sikuzima moto, sikuvua aproni. Nilizunguka uwanja mzima, nikaenda kwa yule mama wa gongo. Kikombe changu kweli kilikuwepo. Nikanywa kimoja. Kiliposhuka nilisikia sauti ya Furaha akilia vile alivyolia siku ile, wazi kabisa masikioni. Nikaweka kikombe chini, nikatoka. Kilikuwa kimoja, lakini nilikunywa.

Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya Bi Zuhura. Nikasema, "Nilikunywa."

Akageuza kitumbua. Akageuza kingine. "Na leo?"

"Leo bado."

"Basi mimi umeniambia. Yule wa Kasingirima je?"

Nikamwambia, "Nikimwambia Devota, nimekwisha. Ndiyo kwanza kajifungua. Hatanitazama usoni mpaka nife."

Bi Zuhura akasema, "Mimi si mama yake. Mimi nauza vitumbua. Sogea, unaziba wateja."

Ndugu zangu, nilitembea mpaka Kasingirima nikiongea na Mungu kwa sauti, watu wakadhani nimerudia kweli. Nilimwambia, "Baba, wewe ulininyanyua, lakini mdomo huu ni wangu na nitaufungua mwenyewe. Wewe nishike tu magoti." Na aliyashika, kwa maana nilifika.

Sikuingia ndani. Nilikaa kizingitini. Devota alikuwa mkekani na mtoto kifuani, mama mkwe anachochea moto. Furaha alichungulia nyuma ya pazia, akaniona, akajificha. Nikasema, "Devota, jana nilikunywa. Kikombe kimoja. Nilikuwa nimemaliza miezi minne bila kuonja. Mama huyu aliyepita na kuku hana kosa. Nimekunywa mimi."

Mama mkwe akapiga makofi ya mshangao. "Yesu wangu! Siku ya uzazi!"

Devota akamfunika mtoto vizuri. Kisha akauliza, "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Kuna mtu aliyekuona, unaogopa atanifikishia?"

"Aliyeniona ni muuzaji, na yeye hasemi, anapoteza mteja."

"Sasa mbona umekuja kusema?"

Nikamwambia, "Kwa sababu siku ukinipa mtoto, nataka uwe unanipa mimi. Si yule bibi niliyemtangaza kanisani, yule hayupo. Usiponipa, sawa. Lakini ujue unamnyima nani."

Akanitazama. Sikumgeuzia uso, wala yeye hakunisogelea kuninusa. Machozi yakaanza kumtoka, akasema, "Mama, tangu uanze kunywa mimi ndiye ninayekugundua. Leo umeniwahi."

Halafu akamwambia mama mkwe, "Mama, umechoka, umetoka safari. Maji yakichemka mwachie mama yangu anikande."

Haleluya! Ndugu zangu, nilimkanda binti yangu kwa mikono hii, na mikono hii haikutikisika. Lakini Devota hakunipa Furaha siku ile. Aliniambia wazi, "Furaha atakuja kwako nikiamua mimi, usiniharakishe." Nikasema ndiyo, mwanangu. Sikumharakisha. Nilienda Alhamisi zangu, nikapita asubuhi zangu. Mwezi ukapita, mingine ikapita. Jumapili moja walikuja wote Ujiji, Furaha akasimama mbele ya sabuni zangu akauliza, "Bibi, hizi zinaliwa?" Nikasema zinaogewa. Akasema, "Basi niogeshe." Nikamtazama Devota. Devota akaangalia pembeni, akasema, "Si umesikia mtoto anavyotaka?" Niliogesha mguu ule wenye kovu, nikaomba radhi kimoyomoyo kwenye kila kidole.

Tangu kikombe kile mpaka leo ninapoandika ni mwaka mmoja na miezi minane. Sijaonja. Sisemi kwangu ni historia. Nasema jana sikunywa, na leo bado, na niko imara, na kichwa changu ni chepesi, na nalala usingizi wa mtu mwenye kazi kesho. Namshukuru Mungu aliye hai. Namshukuru jirani yangu Bi Zuhura, ambaye amekataa kuokoka lakini amekubali kuja Jumapili mchungaji atakapousoma ushuhuda huu, akasema atakaa mlangoni na ndoo yake ya vitumbua. Mnunulieni. Namshukuru daktari wetu wa Mbeya. Namshukuru binti yangu ambaye hakuniamini haraka. Angeniamini haraka, ningekuwa kaburini.

Wewe unayesoma na tangawizi mdomoni, najua ilipo kwa sababu na mimi nilipitia huko. Mwamini Bwana, anaweza! Lakini usimtume afanye na sehemu yako. Hama palipo na kikombe. Nenda hospitali. Tafuta mtu mmoja ambaye hutamdanganya, hata kama dini zenu ni mbili. Ukianguka, wahi kusema kabla hujanuka. Usiombe kipaza sauti bado. Njoo kwangu, pipa langu liko uwanjani kwa Bi Zuhura, nitakusikiliza huku nachochea moto, na sitapiga kelele.

Jumatatu Devota anasafiri kwenda Kasulu kuchukua mzigo wa vitenge, siku tatu. Watoto wote wawili ananiachia mimi, ameamua mwenyewe. Nimezungushia mafiga uzio wa matete, mrefu kuliko Furaha. Siku hizo sitachemsha mafuta. Naogopa kidogo na nina furaha nyingi. Niombeeni, ndugu zangu, na mnaopita Ujiji siku hizo, msipige hodi. Chungulieni tu.